Kutoka Monduli hadi London: Nani husomewa hesabu za mbio za hisani?

*Morani sita wa Eluai walikimbia London mwaka 2008 ili kijiji chao kipate maji. Leo wakimbiaji wa hisani husafiri pande zote mbili, wengine wakitoka Arusha na wengine wakija Arusha, na swali la nani anapaswa kupewa taarifa ya fedha zinazochangishwa bado halijajibiwa.*

Upande wa magharibi wa Mlima Meru ardhi hukauka mapema, kwa kuwa pepo zenye unyevu zinazovuma kutoka Bahari ya Hindi humwaga sehemu kubwa ya mvua zake katika miteremko ya kusini na mashariki, ambako migomba na kahawa hustawi, na zinapofika upande wa pili huwa zimekwisha kupungukiwa. Eneo linalokosa mvua kwa sababu hiyo wanajiografia huliita kivuli cha mvua.

Ndani ya kivuli hicho imo sehemu kubwa ya Wilaya ya Monduli, ambako ufugaji ndio tegemeo la maisha na ambako, kiangazi kinapokolea, akina mama na punda wao hutoka alfajiri kwenda kutafuta maji. Dumu moja la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na kaya yenye watoto na ndama haitoshelezwi na madumu mawili wala matatu kwa siku.

Kijiji kimoja cha wilaya hiyo, Eluai, kilijaribu njia ambayo wengi hawakuitarajia. Aprili 13, 2008 morani wake sita, yaani vijana wa rika la ulinzi katika jamii ya Wamasai, walisimama kwenye mstari wa kuanzia wa London Marathon, tayari kukimbia kilomita 42.195 katika mitaa ya mji mkuu wa Uingereza ili kuchangisha fedha za kukipatia kijiji chao maji safi.

Safari hiyo waliifanya kwa ushirikiano na Greenforce, taasisi ya Uingereza iliyokuwa ikipeleka vijana kujitolea katika nchi mbalimbali, na walikimbia wakiwa wamevaa lubega nyekundu, wamebeba ngao, na miguuni wamevaa katambuga, viatu vya wazi vinavyokatwa kwenye matairi ya gari yaliyochakaa na kufungwa kwa mikanda ya mpira huohuo.

Mshindi wa siku ile, Martin Lel wa Kenya, alitumia saa 2:05:15, ilhali morani wale, ambao walikwenda pamoja kama kundi moja, wakiimba na kurukaruka njiani, walimaliza baada ya zaidi ya saa tano. Hata hivyo, magazeti na televisheni viliwapa nafasi kubwa, na ndivyo tatizo la maji la kijiji hicho lilivyojulikana kwa mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kulisikia jina lake.

Tangu wakati huo mbio za hisani, yaani mbio ambazo mapato yake, yote au sehemu yake, huelekezwa kwenye huduma za jamii, zimeenea sana Afrika Mashariki, na kusafiri na marafiki kwenda kukimbia nchi nyingine kwa ajili ya hisani kumekuwa jambo la kawaida kwa wenye uwezo. Suala ambalo halijapata mjadala wa kutosha ni lile la uwajibikaji: nani husomewa hesabu ya fedha inayokusanywa kwa jina la kijiji, aliyeitoa au aliyekusudiwa kuipokea?

Fedha hupatikanaje

Ili suala hilo lieleweke ni vyema kutofautisha mifumo miwili ya uchangishaji, kwa sababu kila mmoja una njia yake ya fedha na kila mmoja una mahali pake ambapo taarifa huweza kupotea.

Mfumo wa kwanza humtegemea mkimbiaji mmoja mmoja, ambaye huwaomba ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake wamchangie kwa sababu amejitolea kukamilisha umbali fulani. London Marathon, iliyoanzishwa mwaka 1981 na Chris Brasher na John Disley, ndiyo mfano mkubwa wa mfumo huu, na tangu ianze imewezesha kupatikana zaidi ya pauni bilioni moja kwa mashirika ya hisani.

Katika utaratibu uliojengeka huko tangu miaka ya 1990, shirika la hisani hununua nafasi za ushiriki kutoka kwa waandaaji, kisha huwapa wakimbiaji wanaoahidi kukusanya kiasi fulani cha fedha, ambacho mara nyingi hufikia pauni 2,000 au zaidi kwa kila mtu. Mkimbiaji asiyefikisha kiasi hicho huhesabiwa kuwa na deni la ahadi, na ndiyo maana marafiki hupenda kujisajili kwa pamoja ili wasaidiane kuchangisha.

Mfumo wa pili ndio uliozoeleka zaidi Tanzania. Hapa mshiriki hulipa ada ya kujisajili, hupewa fulana, namba ya kifuani na medali, na kampuni wadhamini huongeza fedha, kisha kinachobaki baada ya gharama, pamoja na michango ya ziada, hupelekwa mahali palipotangazwa. CRDB Bank Marathon, iliyoanza mwaka 2020 jijini Dar es Salaam, imechangia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na NBC Dodoma Marathon, iliyoanza mwaka huohuo, imeelekeza nguvu katika vita dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kwa kushirikiana na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road.

Katika mifano hii miwili mnufaika ni taasisi yenye uongozi, wahasibu na wakaguzi wa hesabu, kwa hiyo kufuatilia fedha ni rahisi kiasi. Ugumu huanza pale mnufaika anapokuwa kijiji, shule ya msingi au zahanati iliyo mbali na mahali fedha ilipochangishwa, na hasa mbio zinapofanyika katika nchi nyingine na kwa lugha nyingine.

> Ugumu huanza pale mnufaika anapokuwa kijiji, shule ya msingi au zahanati iliyo mbali na mahali fedha ilipochangishwa.

Arusha, lango la wasafiri wakimbiaji

Arusha imekaa mahali ambapo safari hizi hukutana. Jiji liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro uko kati yake na Moshi, hivyo mgeni anayekuja kukimbia huweza pia kupanda mlima au kutembelea hifadhi ndani ya safari moja.

Tukio linalovuta wageni wengi ni Kilimanjaro Marathon, ambayo tangu mwaka 2003 hufanyika Moshi kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, ikiwa na mbio za kilomita 42, nusu yake, na zile za kilomita tano za kujifurahisha. Mbio hizo hazikuanzishwa kwa ajili ya hisani, lakini wapo wageni wanaokuja kwa makundi wakiwa wamechangisha fedha kwao kabla ya kusafiri, wakikimbia kwa niaba ya shule au kituo cha watoto wanachokifadhili katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro.

Kwa mgeni anayetoka miji ya tambarare, kukimbia katika mwinuko kama wa Arusha si jambo dogo, kwa kuwa kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi na ndivyo kila pumzi inavyoingiza oksijeni kidogo zaidi, hata moyo ukalazimika kwenda mbio ilhali miguu bado haijafanya kazi kubwa. Sababu hiyohiyo ndiyo inayowafanya wanariadha wa Tanzania waweke kambi zao Arusha, kwani mwili uliozoea hewa nyepesi huongeza chembe nyekundu za damu, zile zinazosafirisha oksijeni, na kupata faida unaposhindana mahali pa chini.

Eneo hili limezaa au kulea majina makubwa ya riadha. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, Februari 1974 kwa dakika 3:32.2, na mwaka 2025 Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida ambaye amefanya mazoezi yake Arusha, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo.

Safari hazielekei Arusha peke yake. Vikundi vya joging, ambavyo huwakusanya majirani na wafanyakazi wa ofisi moja kwa mazoezi ya asubuhi, sasa huvuka mipaka kwenda kukimbia, wengine wakipitia Namanga kuelekea Kenya na wengine wakienda Rwanda, ambako mbio za amani za Kigali zimekuwa zikifanyika tangu mwaka 2005.

Kenya ina mfano wa karibu unaotajwa mara nyingi na wapenda hisani. Mbio za Lewa, zilizoanza mwaka 2000 kwa ushirikiano wa hifadhi ya Lewa na shirika la Tusk, hufanyika kila Juni ndani ya hifadhi yenye vifaru na simba, huku ndege na walinzi wakiangalia njia ili wanyama wasikaribie wakimbiaji, na mapato yake yamekuwa yakisaidia uhifadhi, shule na huduma za afya za jamii zinazoizunguka. Nguvu ya mfano huo ni kwamba anayeandaa, mahali pa kukimbilia na anayenufaika vyote viko mahali pamoja, mwaka hadi mwaka, na jirani wa hifadhi anaweza kwenda kuuliza bila kupanda ndege.

Wameru walichanga kabla ya marathoni

Jambo la kuchanga fedha ili mtu asafiri ng'ambo kwa ajili ya shida ya jamii si geni katika nchi ya Meru, na historia yake inatoa kipimo kizuri cha kuzipimia mbio za leo.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki mwa mlima, ili ardhi hiyo igawiwe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Wananchi walichangishana kupitia chama chao, na mwaka 1952 wakamtuma Japhet Kirilo kwenda New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiana na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi.

Umoja wa Mataifa haukurudisha ardhi ile kwa azimio, kwa kuwa hoja hiyo haikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika katika Baraza Kuu, lakini kesi ya ardhi ya Meru iliamsha ari ya kisiasa nchini kote, na Kirilo aliporejea alizunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akieleza yaliyotokea.

Funzo la tukio lile liko katika mpangilio wake. Wenye shida ndio walioamua nini kiombwe, ndio waliochanga, ndio waliomchagua wa kusafiri, na ndio aliorudi kwao kutoa taarifa; mtoaji na mnufaika walikuwa watu walewale, kwa hiyo hapakuwa na pengo ambalo hesabu ingeweza kutumbukia. Katika mbio za hisani za kimataifa pengo hilo lipo kwa asili yake, na kazi ya waandaaji ni kuliziba.

Hoja za wanaotetea

Wanaotetea mbio hizi wana hoja nzito ambazo haifai kuzipuuza. Hoja ya kwanza ni kwamba mbio huwafikia watu ambao wasingetoa mchango kwa kusoma ombi kwenye karatasi, kwa sababu rafiki anayejitesa kwa miezi kadhaa ya mazoezi huwapa jamaa zake sababu ya kutoa, na mtu aliyekimbia kwa ajili ya kijiji fulani mara nyingi huendelea kukikumbuka miaka mingi baadaye.

Hoja ya pili inahusu uchumi. Mgeni mmoja anayekuja kukimbia hulipia viza, ambayo kwa raia wa nchi nyingi ni dola 50 za Marekani na kwa Wamarekani ni dola 100, kisha hulala hotelini, hukodi gari, hula, hununua vinyago na vitenge, na huenda hifadhini. Fedha hiyo humfikia dereva, mpishi, mpagazi na mama muuza ndizi hata kama haikuandikwa popote kuwa ni hisani.

Hoja ya tatu ni ya utu. Watu wanaokimbia pamoja, wakagawana maji na kusubiriana kwenye mteremko, hujenga urafiki ambao hundi haiwezi kuujenga, na kwa morani wa Eluai safari ile iliwawezesha kusema wenyewe, kwa sauti yao na mbele ya kamera, juu ya shida ya kwao, badala ya kusemewa na wataalamu.

Hoja za wanaokosoa

Wakosoaji nao huanza na gharama. Tiketi ya ndege, viza, malazi na ada ya ushiriki vya kundi la marafiki vinaweza kuzidi kiasi kinachofika kijijini, na pale ambapo gharama hizo hulipwa kutokana na michango yenyewe, mchangiaji huwa amelipia likizo ya mtu akidhani amelipia kisima.

Pili, kuna hatari ya kugeuza watu kuwa maonyesho. Mwaka 2008 vyombo vya habari vya Uingereza vilivutiwa mno na mwongozo mfupi ambao Greenforce iliwaandalia morani kuhusu desturi za Waingereza, pamoja na mavazi na viatu vyao, kiasi kwamba suala la maji, ambalo ndilo lililowatoa nyumbani, lilipata nafasi ndogo kuliko lilivyostahili. Hali kama hiyo huonekana pia upande wa pili wa safari, pale watoto wa shule wanapopangwa mstari kuwapokea wakimbiaji na kupigwa picha ambazo wazazi wao hawatazijua zilikokwenda.

Tatu, ada za mbio kubwa huwa nzito kwa kijana wa Ngaramtoni au Usa River anayefanya mazoezi kila alfajiri kwenye barabara za vumbi, hivyo mbio zikafanyika kwenye ardhi yake, kwa jina la maendeleo yake, huku yeye akiwa amesimama pembeni akigawa maji.

Hoja ya nne, na ndiyo nzito kuliko zote, ni kwamba mradi mara nyingi huchaguliwa na mtu aliye mbali, kwa kuangalia kitakachomgusa mchangiaji. Kuchangishia kisima kipya ni rahisi, kuchangishia mshahara wa fundi wa pampu ni vigumu, ingawa kijijini ni huyo fundi anayeamua kama kisima kitatoa maji mwaka ujao.

> Kuchangishia kisima kipya ni rahisi, kuchangishia mshahara wa fundi wa pampu ni vigumu.

Kisima kinahitaji zaidi ya kuchimbwa

Suala la maji kuzunguka Mlima Meru linaonyesha wazi kwa nini nia njema haitoshi. Mlima huu ni volkano, uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na miamba yake ina madini ya floraidi ambayo huyeyuka ndani ya maji yanayopita chini ya ardhi.

Floraidi kidogo huimarisha meno, lakini Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na katika baadhi ya vyanzo vya Arumeru kiwango hicho kimezidiwa mara kadhaa. Mtoto anayekua akinywa maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka, na kwa wale walioathirika zaidi mifupa ya miguu hupinda, ulemavu unaojulikana vyema kwa wakazi wa maeneo kama Engare Nanyuki na Oldonyosambu.

Kwa hiyo mfadhili anayechimba kisima katika ukanda huu bila kupima maji maabara anaweza kukiachia kijiji maji maangavu, matamu mdomoni, yenye madhara yatakayoonekana baada ya miaka. Elimu ya kuepuka hilo ipo hapahapa: kituo cha Ngurdoto kimefanya utafiti wa kuondoa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Tengeru, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015 kwa chujio la maji linalotumia mchanga na teknolojia ya chembe ndogo mno zinazoitwa nano.

Ukubwa wa mahitaji nao unapaswa kuwekwa wazi. Mradi wa serikali wa kuboresha maji na usafi wa mazingira katika Jiji la Arusha, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulipangiwa takriban Sh520 bilioni na ulilenga kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi lita milioni 200 kwa siku. Hakuna kundi la wakimbiaji linaloweza kuziba nafasi ya kodi na mipango ya taifa katika kazi ya kiwango hicho.

Nafasi halisi ya mbio za hisani iko kwenye sehemu ambazo miradi mikubwa huchelewa kuzifikia: tenki la shule, kilula cha kitongoji, chujio la zahanati, pampu ya akiba. Huko fedha ndogo iliyopangwa vizuri hubadilisha maisha, na huko ndiko fedha ndogo iliyopangwa vibaya huacha bomba kavu lenye kibao cha jina la mfadhili.

Hesabu zisomwe kijijini

Tanzania haihitaji kubuni chombo kipya cha kusimamia jambo hili, kwa sababu vyombo vipo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, unaowaleta pamoja watu wazima wote wa kijiji, na ni desturi iliyokubalika kwamba kila baada ya miezi mitatu uongozi husoma mapato na matumizi mbele ya mkutano huo na kuyabandika kwenye ubao wa matangazo.

Kwa upande wa maji, Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, maarufu kama RUWASA, na kuvipa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii jukumu la kuendesha miradi, kukusanya malipo na kugharimia matengenezo. Mfadhili anayepita pembeni ya vyombo hivi hujenga kitu kisicho na mwenyewe.

Kutokana na hayo, masharti ya haki yanajitokeza. Hitaji linalokimbiliwa linapaswa kuwa limeamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuandikwa katika muhtasari wake, ili mkimbiaji wa London au wa Moshi awe anabeba ombi la watu na siyo wazo la mtu mmoja. Wanaosafiri wanapaswa kujilipia nauli na malazi, au kutafuta mdhamini anayejulikana kuwa analipia safari, na michango ya hisani iwekwe katika akaunti yake pekee. Maji yapimwe kabla ya kuchimba, na sehemu ya fedha itengwe tangu mwanzo kwa ajili ya vipuri na fundi.

Mbio zinazofanyika ndani ya Mkoa wa Arusha zinapaswa pia kuwa na ada nafuu kwa wenyeji na nafasi zilizotengwa kwa wanariadha chipukizi, kwa kuwa mbio zinazomfungia nje kijana wa eneo husika zinapoteza haki ya kudai kwamba zinafanyika kwa manufaa yake.

Sharti la mwisho ndilo linaloyashika mengine yote. Taarifa ambayo waandaaji humtumia mchangiaji, ikionyesha kilichokusanywa, kilichotumika njiani na kilichofika, itafsiriwe kwa Kiswahili, isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kilichotajwa, na mtu yeyote aruhusiwe kuuliza maswali. Mtoaji wa Uingereza au Marekani hujulishwa kwa barua yenye picha. Mama wa Monduli anayebeba dumu la kilo 20 ana haki kubwa zaidi ya kujua, kwa kuwa jina lake na shida yake ndivyo vilivyotumika kuombea fedha hiyo.

> Taarifa itafsiriwe kwa Kiswahili, isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kilichotajwa, na mtu yeyote aruhusiwe kuuliza maswali.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yatawakatisha tamaa watu wenye nia njema, lakini uzoefu wa vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyofungua sanduku mbele ya wanachama wote na kuhesabu kwa sauti, unaonyesha kwamba uwazi huongeza michango, kwa sababu anayeona fedha yake ilikokwenda hutoa tena.

Pa kuanzia panajulikana. Mbio za wazi huhitaji kibali kupitia Riadha Tanzania na Baraza la Michezo la Taifa, na halmashauri huhusishwa katika kutoa barabara na ulinzi. Kila mwandaaji anayetumia jina la hisani anaweza kutakiwa, kabla ya kupewa kibali, kuonyesha muhtasari wa kijiji kilichoomba, na kabla ya kupewa kibali cha mwaka unaofuata, kuonyesha muhtasari wa mkutano uliosomewa hesabu. Sharti hilo halihitaji bajeti wala sheria mpya, na litamlinda mkimbiaji mwaminifu kama litakavyokilinda kijiji.